Foronya ya Bibi na Matundu ya Sindano

Niliiloweka foronya jioni, kwenye ndoo ya lita 20, nikaifunika kwa sinia vumbi lisiingie. Chupa ya dawa ya kung'arisha nguo ilielekeza vifuniko viwili. Madoa yalikuwa ya manjano, yameganda kwenye mikunjo kwa miaka, nikaona vifuniko viwili havitafua dafu. Nikamimina nusu chupa. Harufu ya klorini ikajaa hadi ukumbini. Nikaenda kulala moyo wangu umetulia.

Alfajiri nilipoinyanyua, foronya ilikuwa nyeupe pe. Madoa yameondoka. Maua nayo yameondoka. Neno lililokuwa katikati, herufi tano za hariri ya kijani, limeondoka. Majini mlikuwa na uzi uzi laini unaoteleza, ukiushika unakatika vidoleni kama utando wa buibui uliolowa. Nilisimama uani, kitambaa kinanichuruzikia miguuni, nikakiinua kwenye mwanga, ndipo nikaona kilichobaki. Matundu. Mamia ya matundu madogo ya sindano, yamejipanga pale pale yalipokuwa maua na herufi.

Foronya hiyo ilikuwa ya Bibi yangu mzaa mama. Aliidarizi kwa mikono yake mwaka 1956, akiwa mwari wa miaka 18 huko Tanga, kwa ajili ya kitanda chake cha harusi. Zilikuwa mbili. Moja imeandikwa LALA, ya pili UNONO, na kitanda kikishatandikwa, mito ikilazwa sambamba, maneno yanasomeka pamoja. Kila foronya ilikuwa na maua matatu ya asumini. Ya foronya ya kwanza yameinamia kulia, ya foronya ya pili yameinamia kushoto, yakitazamana. Ukingoni kulikuwa na lesi ya kroshia, upana wa vidole vitatu, ya uzi mweupe wa pamba. Kila binti wa ukoo wetu aliyeolewa alizilalia usiku mmoja tu, kisha zikafuliwa na kurudi sandukuni, zimekunjwa ndani ya khanga iliyochakaa. Mimi nilizilalia mwaka 2004. Mwaka 2019 ikawa zamu ya binti wa dada yangu, nami ndiye niliyekabidhiwa kuziandaa. Nilianza na UNONO. Namshukuru Mungu sikuziloweka zote mbili.

Nilikaa na siri hiyo siku tatu. Siku ya nne nikapanda basi la asubuhi Ubungo, Dar es Salaam, foronya imo mkobani, nikaenda Tanga kumkabili mwenyewe.

Bibi alikuwa kibarazani, Ngamiani, amekaa kwenye mkeka na kikombe chake cha chai ya tangawizi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mbona uso umekushuka hivyo?"

Sikuweza kueleza. Nilimwekea kitambaa mapajani. Jicho lake moja lilikuwa na mtoto wa jicho, la pili lilihitaji mwanga mwingi, kwa hiyo hakuanza kwa kutazama. Alianza kwa kupapasa. Kidole gumba kikatembea pale palipokuwa na U, kikasimama, kikarudi.

"Umeifulia nini?"

"Dawa ya kung'arisha, Bibi. Ile ya chupa."

Alinyamaza kitambo. Nilisikia wauza samaki wakipita barabarani.

"Hariri huoshwa kama nywele za mtoto mchanga," alisema. "Mama yako hakukwambia?"

Mama hakuniambia. Alipoulizwa jioni ile alisema alidhani najua, maana Bibi ndiye aliyenifunza kushika sindano. Na kweli Bibi alinifunza kufuma, akanifunza kudarizi. Kufua alikuwa akifua peke yake, mlango wa uani umefungwa, watoto tusije na mikono ya maembe. Tukitoka shule tunakuta foronya zimeanikwa kivulini, tunaambiwa tusiziguse. Kwa hiyo wajukuu wote tulitoka kwake na nusu ya ufundi. Nusu ya pili, ile iliyoifanya hariri ya 1956 ifike 2019 ikiwa bado inang'aa, ilibaki kwake peke yake kwa sababu hakuna aliyedhani kufua ni jambo la kufundishana.

"Sasa nifanye nini, Bibi?"

"Nyumba imeungua, msingi upo. Utajenga."

"Mimi?"

"Ulitaka nani? Macho yangu si unayaona."

Niliporudi Dar es Salaam nilitaka kwanza kuelewa nimefanya nini. Nilisoma, nikamuuliza na rafiki yangu mwalimu wa kemia, na kila nilichokipata kilirudi kwenye kauli ile ya nywele za mtoto. Uzi wa hariri hutoka kwa kiwavi anayekula majani ya mforosadi. Anapotaka kugeuka nondo hujizungushia kifukofuko kwa uzi mmoja usiokatika, mrefu wa mamia ya mita, wakati mwingine unakaribia kilomita nzima. Uzi huo ni protini, jamaa wa nywele zetu na wa manyoya ya kondoo. Pamba ni mmea, ni selulosi. Klorini inaipausha pamba na kuidhoofisha kidogo kidogo, lakini protini inaiyeyusha. Hata kostiki, ile wanayotumia watengeneza sabuni, haizitendei sawa: mwaka 1844 Mwingereza John Mercer aligundua kwamba pamba ikipitishwa kwenye kostiki inapata nguvu, na baadaye wenzake wakaitumia njia hiyo kuipa mng'ao. Uzi mwingi wa kroshia unaong'aa madukani umepita huko. Chovya hariri kwenye kostiki ya moto, utatoa mchuzi.

Foronya yangu ilikuwa na vyote viwili: pamba chini na ukingoni, hariri juu. Mimi niliifua kama vile ni kitu kimoja.

Na si nyuzi tu zilizotoka mbali kukutana pale. Neno foronya tumelipata kwa Wareno, kwao ni fronha. Kitambaa chenyewe ni bafta, na bafta ni neno la Kiajemi, maana yake kilichofumwa. Hariri tumeipata kwa Waarabu, lesi kwa Waingereza, kroshia ni la Kifaransa. Lakini lala unono ni letu, na ndilo nililoliyeyusha.

Kutafuta hariri kulinichosha kuliko nilivyotarajia. Nilizunguka Kariakoo siku mbili. Kila duka la nyuzi niliambiwa, "Hii hariri mama, tazama inavyong'aa." Sidhani walinidanganya. Katika Kiswahili chetu cha siku hizi kila king'aacho na kuteleza kimekuwa hariri: hijabu za hariri, mapazia ya hariri, nguo za ndani za hariri, na vingi havijawahi kumwona kiwavi. Bibi alikuwa amenipa kipimo. Nilinunua nyuzi kidogo kidogo, nikaja nazo nyumbani, nikakata kipande cha kila mmoja urefu wa kidole, nikavichoma kimoja kimoja juu ya sahani ya bati.

Wa kwanza uliyeyuka, ukajikunja ukawa kishanga kigumu cheusi: polista. Wa pili uliwaka upesi, ukatoa harufu ya karatasi na majivu mepesi. Huo ulikuwa reyoni, uzi unaotengenezwa kutokana na miti, kwa hiyo unaungua kama pamba hata kama unang'aa kuipita hariri. Wa tatu na wa nne vivyo hivyo. Mwishowe nikamwomba binamu yangu anayeishi Maskati anitafutie huko. Nilimpigia picha upande wa nyuma wa LALA, ambako mwanga haukuwahi kufika, na rangi ilikuwa bado ile ya siku iliyonunuliwa. Mbele kijani kilikuwa kimefifia kama jani la mchicha lililopikwa. Nyuma kilikuwa kijani cha jani la mgomba baada ya mvua.

Hapo palikuwa na uamuzi, nami nilikuwa nimeshaamua vibaya. Nilitaka rangi iliyofifia, foronya mbili zifanane, mtu asijue. Bibi alikataa kwenye simu. "Nunua rangi niliyonunua mimi," alisema. "Ikitaka kufifia, itafifia yenyewe kwa wakati wake." Nilimtii, na mwanzoni nilimtii kwa shingo upande.

Binamu alituma vicha vitano. Nilipochoma kipande cha ule uzi wake, ulisita, ukajikunyata, ukazimika wenyewe, ukaacha majivu meusi yanayosagika kidoleni. Na harufu ikajaa jikoni, ile ile ya nywele zilizoungua saluni. Sijawahi kuifurahia harufu mbaya namna hiyo.

Kabla ya kushona, masharti. Bibi aliyatoa moja moja, kila siku nikipiga simu ananipa jipya. Kucha zikatwe na kusuguliwa. Usiku wa kuamkia kazi, mikono ipakwe mafuta ya nazi. Asubuhi ioshwe kwa sabuni mpaka mafuta yaishe, kwa sababu ngozi kavu inanasa hariri na ngozi yenye mafuta inaichafua. Nisianze kazi nikiwa nimetoka kukuna nazi wala kuosha masufuria. Uzi usizidi dhiraa moja, kutoka ncha ya kidole hadi kiwikoni. Ukiwa mrefu zaidi, unachakaa kwa kupita kitambaani mara nyingi, na mwisho wa jani unakuwa mwembamba kuliko mwanzo wake. Sindano ikiwa na kutu hata ya punje, itupwe.

Niliivalisha foronya kwenye ringi ya kudarizia, nikaweka kitambaa cheusi chini yake. Matundu yakajitokeza kama nyota.

Nimejaribu kuwaeleza watu jinsi kazi ile ilivyokuwa, na sijafaulu. Unapodarizi kazi yako unafuata penseli, na mkono wako unaamua penseli iishie wapi. Mimi nilikuwa naingiza sindano kwenye tundu ambalo mtu mwingine alilitoboa miaka 63 iliyopita. Mkono wangu ulitaka kwenda mbele, tundu lilisema hapana, ni hapa, karibu zaidi. Bibi alijaza herufi kwa mshono wa kulaza, uzi bega kwa bega na uzi, mpaka bafta isionekane. Nilihesabu matundu yake kwenye mguu wa kwanza wa U: 14 ndani ya upana wa ukucha wangu wa kidole gumba. Mimi katika kazi zangu zote sijawahi kuvuka tisa. Nilipojaribu kuruka moja, jioni ya kwanza, nikiamini hakuna atakayeona, uzi ulikaa upande kidogo na mwanga ukapasuka pale. Hariri inang'aa kwa sababu uzi wake unarudisha mwanga. Nyuzi zikilala upande mmoja, mwanga unateleza juu ya herufi nzima kama maji. Mshono mmoja ukienda kombo, jicho linasimama pale pale. Nilifumua.

Kufumua nilikuwa nimefunzwa mapema. Nilipokuwa na miaka saba, mwaka 1983, uzi ulikuwa haupatikani. Vita vya Kagera vilikuwa vimeisha miaka minne nyuma, lakini nyumbani tuliviona bado vipo: foleni ya sukari, foleni ya sabuni, foleni ya khanga. Bibi alinunua mifuko mitupu ya unga wa ngano, ile ya kitambaa cha pamba, akaifua mpaka maandishi yakatoka, kisha akatuketisha wajukuu barazani tuifumue. Uzi baada ya uzi. Tuliuviringisha kwenye vibunzi vya mahindi. Uzi wa mfuko huwa na mawimbi, unakumbuka ulivyofumwa, kwa hiyo Bibi aliulowesha na kuunyoosha kwa kuufunga jiwe. Kroshia yangu ya kwanza ilikuwa spoku ya baiskeli. Mjomba aliikata, akaisugua ncha kwenye jiwe siku mbili, akaipinda ndoano. Ninayo hadi leo. Kwa uzi wa mifuko na spoku ya baiskeli Bibi alifuma vitambaa vya makochi vya watu waliokuwa nazo, na sisi tukanywa chai yenye sukari.

Ufundi wa kroshia Bibi aliupata kwa jirani yake aliyekulia misheni ya Magila, kule Muheza; kudarizi kwa hariri alifunzwa na somo wake, mwanamke aliyemfunda. Nilipokuja kusoma habari za lesi, nilikutana na Ireland. Njaa kuu iliyoanza mwaka 1845, baada ya viazi kuoza mashambani, iliwakuta masista wa Kikatoliki wakiwafundisha wanawake kroshia ili wapate cha kuuza. Walikuwa wanaiga lesi ya Venisi, ile ya sindano, ambayo huchukua muda mrefu mno. Kwa ndoano mkono ulikwenda haraka, na lesi ikauzwa kwa mabibi wa mijini wasiojua njaa inafananaje. Niliposoma hayo nilimwona Bibi yangu kibarazani na mfuko wa unga. Watu huona lesi wakafikiria wenye nafasi na starehe. Mimi ninayoijua ilifumwa na watu waliokuwa wanahesabu vijiko vya sukari.

Wiki ya tatu nilifika kwenye O ya kwanza, na hapo hesabu ikagoma. Matundu yalikuwa mengi mno. Nilidhani klorini imekula bafta. Nikasogeza taa, nikachukua kioo cha kukuzia cha mwanangu wa shule, nikaona ni duara ndani ya duara. Palikuwa na O kubwa, yenye safu zake mbili za matundu, na ndani yake O ndogo. O kubwa ilikuwa juu ya mstari, imepita herufi nyingine kwa nusu kidole, ila kuta za ile ndogo zilikuwa nene kiasi kwamba hariri yake ilifunika karibu matundu yote ya ile kubwa. Yale machache yaliyobaki nje yalikuwa yamefichwa na jani dogo la asumini. Jani ambalo kwenye LALA halipo! Nilikuwa nimeliona maisha yangu yote, nikadhani ni pambo.

Nikampigia simu usiku ule ule, saa tatu.

"Bibi, O ya kwanza ulifumua?"

Kimya. Kisha nikasikia akicheka taratibu, kicheko cha kifuani.

"Umeiona."

"Nimeiona."

"Kaka yangu ndiye aliyeniandikia kwa penseli. Mimi sikupelekwa shule, yeye alipelekwa. Akaanza na herufi kubwa kubwa, anajidai. Alipofika mwisho kitambaa kimekwisha, O ya mwisho ikatoka kama kifungo. Mimi nikashona alivyoandika, ningejuaje? Somo wangu akaja, akapima kwa kidole, akasema, mwanangu, fumua ile kubwa zilingane. Harusi ilikuwa imebaki siku tano. Nilifumua usiku kucha kwa kibatari."

"Na lile jani?"

"Jani niliongeza mwenyewe. Somo hakulijua."

Nilikaa na simu mkononi baada ya yeye kukata. Kama hariri isingeyeyuka, binti yule wa miaka 18 na kibatari chake nisingemjua. Sijifariji kwa hilo. Kosa ni kosa, na nyuzi alizoshika yeye hazirudi. Nasema tu nilichokiona chini ya kioo.

Nilidarizi O ndogo, nikadarizi na jani.

Lesi nayo ilinipa kazi. Ilionekana nzima, lakini klorini ilikuwa imeilegeza, na nilipoinyoosha kwa pini juu ya blanketi ikauke, kona moja iliachia. Ikabidi niifuatishe kwa kutazama kona yenzake: minyororo mitano, nguzo mbili, ruka matatu, rudia, na kwenye kona yenyewe nguzo tano tundu moja ili izunguke bila kujikunja. Uzi wa kroshia, namba ikiwa kubwa ndivyo uzi unavyokuwa mwembamba. Wa Bibi ulilingana na namba 60, na Kariakoo nilipata wa 40 tu. Kona hiyo ni nene kidogo kuliko nyingine. Ukiijua utaiona.

Wakati huo binti wa dada yangu alikuja kunitembelea akakuta niko kwenye kona ile. Akaniambia kwa upole, Mama Mkubwa, si kuna lesi za mita zinauzwa, tungeshonea tu. Zipo. Mashine za lesi zina umri mkubwa kuliko babu zetu wote. Mwingereza John Heathcoat alipata hati ya uvumbuzi wa mashine yake ya wavu wa lesi mwaka 1809, na mwaka 1816 watu wenye hasira walikivamia kiwanda chake mjini Loughborough wakazivunja mashine kwa nyundo. Sina ugomvi na lesi ya mita, mapazia yangu mwenyewe ninayo. Nilimwomba tu akae, nikampa spoku yangu na uzi, nikamwonyesha mnyororo. Alikaa mpaka jioni. Baadaye nilimfundisha kuosha, kabla hajajua kufuma hata kitambaa cha glasi.

Kuosha kwenyewe ni hivi, kama Bibi alivyonipa, safari hii kwa ukamilifu. Maji ya baridi, au vuguvugu la mkono wa mtoto. Sabuni laini iyeyushwe kwanza, isisuguliwe kwenye kitambaa. Kitambaa kizamishwe na kukandamizwa kwa kiganja, kisifikichwe. Kikichafuka sana, kirudiwe maji mapya mara nne, tano, kisiongezwe dawa. Maji ya mwisho yawe na kijiko cha siki. Kisikamuliwe: kilazwe juu ya taulo, kiviringishwe nalo, taulo linywe maji. Kianikwe kivulini kwa kulazwa. Pasi ipite upande wa nyuma, kitambaa kikiwa na unyevu, juu ya blanketi, ili hariri isibanwe ikalala. Lesi peke yake ndiyo inayotiwa wanga: muhogo unakunwa, unakamuliwa, maji yanaachwa yatulie, wanga mweupe unaozama chini unapikwa uji mwepesi, unapakwa kwa vidole ukingoni. Foronya nzima haitiwi wanga. Shavu la mtu litalala pale.

Na manjano yale? Kwa sehemu yalikuwa asumini mbichi tulizozilaza sandukuni kwa manukato. Siku hizi tunaziweka kwenye kikapu pembeni.

Niliandika saa nilizotumia pembeni ya kalenda ya jikoni. Zilifika 52, kwa neno moja, maua matatu, na kona ya lesi. Tangu hapo nimeshindwa kuomba punguzo kwa wanawake wanaopitisha vitambaa vya kufuma maofisini. Najua atakachokipata hata nikimlipa bei yote anayotaja.

Nilifika Tanga siku mbili kabla ya harusi. Nyumba imejaa, uani masufuria ya pilau yanasuguliwa kwa mchanga, watoto wanakimbizana. Bibi alikuwa chumbani kwake amejipumzisha. Nilimpa foronya. Hakuitazama mbele kabisa. Aliigeuza ndani nje, akaisogeza karibu na dirisha, akaanza kuisoma nyuma kwa kidole gumba kama alivyofanya siku ile ya kwanza, herufi baada ya herufi, pole pole. Kwenye O ya kwanza akatabasamu. Akaenda mbele. Kwenye N ya pili kidole kikasimama.

"Hapa ulikuwa umechoka."

Ilikuwa kweli. Umeme ulikatika usiku ule, nami nikamalizia mguu wa N kwa tochi ya simu badala ya kulala.

"Nifumue, Bibi? Siku mbili zipo."

Aliipapasa tena pale, mara mbili, tatu. Kisha akaigeuza upande wake.

"Nipe mto."

Nikautoa mto wake kwenye foronya ya kawaida, nikauvalisha. Aliupigapiga kidogo, akauweka ukutani, akajilaza kwa ubavu, shavu juu ya neno, akaniambia nikawaambie watoto wapunguze kelele.